Aliyebebwa Ana Jina

Kila Jumamosi saa nane mchana kundi letu la vijana hapa Dzaleka linakutana kusoma. Vitabu hatuna vingi, kwa hiyo tunasoma chochote kinachopatikana: gazeti la zamani, tangazo la kanisa, hata maandishi ya kwenye gunia la unga. Siku moja nilileta karatasi moja tu. Ilikuwa ni maelezo ya nishani aliyopewa Praiveti Chancy Chitete, askari wa Malawi aliyeuawa karibu na Beni, kwetu Kongo, Novemba 2018. Nilidhani tutasoma dakika kumi, tutapiga makofi, halafu twende zetu kwenye mpira. Kumbe tulikaa mpaka giza likaingia, na watu wawili wakaondoka bila kuagana.

Makala hii imetokana na ubishi ule. Ninataka kuyachambua maelezo ya nishani kama tunavyochambua hadithi au shairi, maana na yenyewe ni hadithi. Ina mtu mkuu, ina hatari, ina tendo moja, ina mwisho. Ni fupi sana, lakini ndiyo itakayobaki wakati sisi sote tumesahau. Kwa hiyo tuiangalie vizuri: inasema nini, na inamwacha nani nje.

Kwanza tukio lenyewe. Katikati ya Novemba 2018 walinda amani wa Umoja wa Mataifa pamoja na jeshi la Kongo waliishambulia ngome ya waasi wa ADF, sehemu inayoitwa Kididiwe. Walinda amani wale walitoka kwenye ile brigedi iliyoundwa mwaka 2013 kwa azimio la Baraza la Usalama, yenye askari wa Tanzania, Malawi na Afrika Kusini. Moto ulikuwa mkali, ikabidi warudi nyuma. Koplo mmoja Mtanzania, Ali Khamis Omary, alijeruhiwa vibaya akabaki chini, hawezi kujisogeza, na risasi bado zinakuja. Chitete alimwendea. Akamburuta mpaka mahali penye kinga, akaanza kumpa huduma ya kwanza. Akiwa katika kazi hiyo akapigwa risasi yeye mwenyewe. Omary aliishi, Chitete akafa. Malawi peke yake ilipoteza askari sita katika mapigano yale, na askari wa Kongo walikufa pia.

Mei 2019, kule New York, Katibu Mkuu António Guterres aliikabidhi familia ya Chitete nishani ya Kapteni Mbaye Diagne. Ndiyo nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika Umoja wa Mataifa. Kabla ya hapo ilikuwa imetolewa mara moja tu, mwaka 2016, kwa familia ya huyo Mbaye Diagne mwenyewe.

Hayo ndiyo yaliyomo. Tulipomaliza kusoma, kijana mmoja wa kutoka Fizi akasema: “Huyu alikufa kwa ajili yetu. Tushukuru, basi.” Dada mmoja wa upande wa Oicha, ambaye huwa hasemi sana, akamjibu: “Alimbeba askari mwenzake. Mimi alinibeba nani?” Hapo ndipo moto ulipowaka.

Nitaanza na upande wa kijana wa Fizi, kwa sababu wengi wetu tunaoishi Malawi tunaujua uzito wake. Kuna mfanyabiashara mmoja nje ya kambi ambaye huwa ananiambia, nusu utani nusu kweli: “Ndugu zetu wanafia kwenu, na nyinyi mnajaa kwetu.” Sikuwahi kupata jibu la kumpa. Baada ya kuisoma karatasi ile nilianza kulipata, nalo limo katika jinsi maelezo yale yalivyoandikwa. Yanasifu kazi ya kubeba. Hayahesabu maiti. Hayasemi Chitete aliua wangapi, wala hayamchori kama simba au radi. Aliyeyaandika aliona kwamba kumrudia mtu aliye chini kunatosha kuitwa ushujaa. Hili si jambo dogo. Ukisikiliza nyimbo za vita za pande zote kule kwetu, shujaa ni yule aliyemaliza watu. Vijana wetu wamekua na nyimbo hizo masikioni. Mimi nafanya kazi na vijana, najua wanavyozichezea.

Jambo la pili linahitaji turudi nyuma kidogo. Mjini Zomba, hapa hapa Malawi, kuna kambi ya jeshi inayoitwa Cobbe Barracks. Wengi wanalitaja jina hilo bila kujua ni la nani. Alexander Cobbe alikuwa afisa wa Kiingereza aliyepigana pamoja na King's African Rifles, wale tunaowaita Keya. Tarehe 6 Oktoba 1902, huko Erego katika nchi ya Wasomali, wakipigana na watu wa Sayyid Mohammed Abdullah Hassan, sehemu ya kikosi ilirudi nyuma, Cobbe akabaki mbele peke yake na bunduki ya rashasha aina ya Maxim. Aliirudisha bunduki ile bila msaada, akaipiga. Kisha akatoka tena chini ya risasi, za adui mbele yake na za watu wake mwenyewe nyuma yake, akambeba askari tarishi aliyekuwa amejeruhiwa. Kwa hayo alipewa Victoria Cross, nishani kubwa kuliko zote za Uingereza. Baadaye akawa jenerali, na kambi ikapewa jina lake.

Sasa weka maelezo mawili haya pamoja. Tendo ni lile lile: mtu ameanguka, wenzake wamerudi nyuma, mmoja anamwendea na kumleta. Lakini maelezo ya Cobbe yanamtaja Cobbe, na yanamtaja kamanda wake aliyetoa ushahidi, Kanali Swayne. Yule aliyebebwa hana jina. Ni tarishi tu, kama vile mtu angeandika “mzigo”. Hatujui alipona au alikufa njiani. Hatujui alikuwa na mama, au alikuwa na mke. Bunduki ile ina jina, inaitwa Maxim, na mtu yule hana.

Miaka 116 baadaye, maelezo ya Chitete yanasema: Koplo Ali Khamis Omary, wa Tanzania. Ana jina lake kamili, cheo chake na nchi yake. Kwa macho yangu hilo ndilo jambo bora kuliko yote katika karatasi ile, ingawa linapita haraka. Aliyebebwa ni mtu kamili. Na aliyebeba safari hii si afisa aliyetoka mbali kuja kuwaongoza Waafrika. Ni praiveti wa Kimalawi, cheo cha chini kabisa, anamrudia mwenzake wa Kitanzania kwenye udongo wa Kongo. Nchi tatu kwa pumzi moja. Mimi nimepita zote tatu kwa miguu, kwa basi na kwa kujificha, na sijawahi kuziona zimeandikwa hivyo, kila moja imelala juu ya bega la nyingine.

Kwa hiyo kijana wa Fizi ana haki. Tushukuru. Lakini dada wa Oicha pia ana haki, na haki yake ni ngumu zaidi kuisema.

Isome karatasi ile tena, utafute watu wa Beni. Wapo wapi? Wametajwa kwa jumla: raia, usalama wa wananchi, hatari ya Ebola. Mwaka ule kweli Ebola ilikuwa imeingia, mlipuko ulitangazwa mwanzo wa Agosti, na wahudumu walikuwa wanashindwa kufika vijijini kwa sababu ya mapigano. Lakini hakuna mtu hata mmoja wa Beni mwenye jina wala mwenye neno. Beni imekuwa kama pazia la nyuma kwenye picha ya studio: unapiga picha mbele yake halafu unaikunja. Koplo Omary aliokolewa na hali ya yule tarishi wa Erego. Sisi bado tumo ndani yake.

Mtu atasema, nishani ni ya askari, wewe unataka wakuandike humo kwa kazi gani? Ni swali zuri. Jibu langu ni kwamba hadithi ikiwaacha watu nje, kuna mambo haitaweza kuyaeleza tena. Novemba 2019, mwaka mmoja tu baada ya Kididiwe, wakazi wa Beni waliokasirishwa na mauaji yasiyoisha waliingia barabarani, wakachoma ofisi ya meya na majengo ya Monusco. Mgeni aliyesoma habari za nishani peke yake atauliza: hawa ni watu gani, wanawachomea majengo waliokufa kwa ajili yao? Hatapata jibu, kwa sababu kwenye hadithi aliyoisoma sisi hatukuwemo. Angetuona tangu Oktoba 2014, mauaji ya wilayani kwetu yalipoanza, tunazika, tunahama, tunarudi kulima, tunazika tena, huku magari meupe yanapita barabarani, angeelewa vyote viwili: kwamba Chitete alikuwa shujaa wa kweli, na kwamba mama aliyezika watoto anaweza asijisikie ameokolewa. Mambo haya mawili hayagombani, ila yanahitaji kuandikwa kwenye karatasi moja.

Hapa nataka kumrudia mtu mwenye jina kwenye nishani, maana nadhani yeye mwenyewe angekubaliana na dada wa Oicha. Kapteni Mbaye Diagne alikuwa Msenegali, mwangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa mjini Kigali mwaka 1994. Bunduki hakuwa nayo. Mauaji ya kimbari yalipoanza, aliwaficha watoto wa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana baada ya mama yao kuuawa. Kisha akaendelea, siku baada ya siku, kuwachukua watu wachache wachache kwenye gari lake na kuwapitisha vizuizini. Silaha zake zilikuwa sigara, utani na sura ya mtu asiye na haraka. Maagizo ya kazi yake hayakumtaka afanye hivyo. Tarehe 31 Mei 1994 kombora lilianguka karibu na gari lake kwenye kizuizi, akafa, siku chache kabla ya kurudi kwao.

Aliowaokoa hawakuwa askari wenzake. Walikuwa raia, watu wa Kigali, na hakuna aliyewahesabu vizuri. Pengine ndiyo maana heshima ilichelewa. Nishani kwa kawaida inadai shahidi mwenye cheo, tarehe, saa, tendo moja linaloonekana. Cobbe alikuwa na kanali wa kumshuhudia. Mbaye Diagne alifanya tendo lile lile dogo mara nyingi, na mashahidi wake wengi walikuwa wamejificha sakafuni mwa gari. Azimio la Baraza la Usalama lililoanzisha nishani yenye jina lake lilipita tarehe 8 Mei 2014, miaka ishirini baadaye.

Na hata nishani hiyo, pamoja na uzuri wake, ina mlango mwembamba. Ni ya askari, polisi na raia wanaofanya kazi na Umoja wa Mataifa au wanaohusiana nao. Mtu wa kijiji hawezi kuipata. Hilo silitoi kama lawama, ndivyo sheria yake ilivyo. Lakini sisi tunaoandika hatufungwi na sheria ile.

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata niliwapa vijana kazi: kila mmoja aandike maelezo ya nishani ya mtu anayemjua. Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, aliyebebwa atajwe jina. La pili, usimsafishe shujaa wako.

Na mimi niliandika. Nilimwandika mtu wa pikipiki aliyetutoa kijijini mwaka 2014, usiku, kutupeleka Beni mjini. Jina lake hatulijui. Kwenye mkinga tope wa pikipiki yake kulikuwa kumeandikwa “Polepole”, basi sisi tunamwita Polepole, ingawa aliendesha kama mwehu. Alichukua watu watatu watatu. Safari ya kwanza alidai hela, na alidai nyingi. Mama alimpa zote. Safari ya pili akadai tena, ya mafuta, alivyosema. Safari ya tatu hakuna aliyekuwa na kitu, na milio ilikuwa imeshasogea. Alituangalia, akatukana, akazima taa, akarudi kuwachukua waliobaki. Waliobaki walikuwa Nzanzu, mdogo wangu, na bibi yetu Kavira. Nimeyaandika majina yao kwa sababu ndilo sharti.

Nilipoisoma mbele ya kundi, kijana wa Fizi akasema huyo si shujaa, ni mfanyabiashara. Alilipwa. Nikamwambia hata Chitete alikuwa na mshahara. Akacheka, lakini hakukubali. Dada wa Oicha akasema safari mbili za kwanza ni kazi, ya tatu ndiyo nishani. Sijasikia uchambuzi mzuri kuliko huo. Maelezo ya kawaida yangeziondoa zile safari mbili ili ya tatu ing'ae. Mimi naona ya tatu inang'aa kwa sababu ya zile mbili. Mtu aliyetaka hela, aliyekuwa na hofu, aliyetukana, akarudi.

Na kuna jambo moja ambalo sikuliandika kwenye karatasi ile, ninaliandika hapa. Jirani yetu mmoja, mzee wa miguu mibovu, alikuwa ameketi mlangoni kwake tulipopita mbio kuelekea barabarani. Aliinua mkono. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nina nguvu, nimebeba godoro. Sikusimama. Sijui kilichompata. Ninapomsoma Chitete anamgeukia Omary, mwili wangu unajua hasa ni nini kile alichokishinda, kwa sababu mimi kilinishinda. Kwa hiyo mtu asinione nayachambua maelezo ya nishani kwa dharau. Nayachambua kama mtu aliyeshika godoro.

Neno la mwisho ni kwa nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, maana najua mnalisoma jarida hili, na wengine ni rafiki zangu. Kila robo mwaka mnatuomba “hadithi za mafanikio”. Mimi mwenyewe nimeshaandika kadhaa. Hebu zisomeni sambamba na maelezo ya Cobbe. Mradi una jina. Mfadhili ana jina na nembo. Anayesaidiwa anaitwa “mnufaika”. Mnufaika ni yule yule tarishi wa Erego, miaka mia na zaidi baadaye, bado amebebwa, bado hana jina wala hatujui alifika salama. Najua mara nyingine jina linafichwa kwa usalama, na hilo ni sawa. Lakini kuna kuficha jina la mtu, na kuna kutomwuliza kabisa. Maelezo ya Chitete yameonyesha kwamba inawezekana: mtu anaweza kusifiwa kwa dhati, na yule aliyesaidiwa akabaki na jina lake na cheo chake na kwao.

Hukumu yangu basi ni hii. Kama maandishi, maelezo ya nishani ya Chancy Chitete ni mazuri kuliko mengi ya aina yake. Yamesifu kubeba badala ya kuua, na yamempa jina aliyebebwa. Kasoro yake ni moja, ila ni kubwa: yamesahau kwamba pale Kididiwe palikuwa na watu kabla askari hawajafika, na wapo mpaka leo. Kasoro hiyo hawezi kuisahihisha mtu wa New York. Tutaisahihisha sisi, kwa kalamu, tukianza na tunaowajua.

Karatasi za vijana ziko kumi na tisa mpaka sasa. Zimebandikwa ukutani pale tunaposomea, njoo uzione. Iliyo karibu na mlango ni ya dada wa Oicha. Ina mistari minne tu. Amemwandika mama muuza maandazi aliyemfunga mgongoni pamoja na mtoto wake mwenyewe, akatembea naye mpaka asubuhi. Mbele ya neno “aliyebebwa” ameandika jina lake mwenyewe, lote, na la baba yake na la babu yake.

Chini kabisa ameacha nafasi wazi kwa ajili ya jina la yule mama, endapo kuna anayemfahamu.